Mbona Mario wa Zamani Harudi Nyuma?

Nyumbani kwetu Magomeni gemu ilichezwa kwa zamu, na zamu yako ilikwisha ukifa. Televisheni ilikuwa ya chogo, mashine ilitoka Kariakoo, plastiki yake nyepesi kiasi kwamba ukivuta waya wa pedi kwa jazba inakufuata sakafuni. Juu yake ilichomekwa kaseti ya njano iliyojitapa kuwa na gemu 9999. Siku moja ya mvua tulizihesabu, hazikuzidi thelathini. Zilizobaki ni zilezile zimerudiwa: moja unaanzia mbele kidogo, nyingine unaanza ukiwa tayari mkubwa. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo, na hata kingekuwepo, Kiingereza chetu kilikuwa kinaishia kwenye kumwamkia mwalimu.

Lakini hakuna mtoto wa mtaa ule aliyefundishwa kumcheza Mario, yule mtu mdogo mwenye kofia anayekimbia na kuruka. Unakabidhiwa pedi, unakufa mara mbili tatu, watu wanakucheka, mara ya nne unajua. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba haikuwa akili yetu peke yake. Kuna watu huko Kyoto, Japani, kwenye kampuni ya Nintendo, walikaa wakapanga tujue hivyo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu. Nilikwenda Tabata kwa dada, nikamkuta mtoto na Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, aliyoazima kwa rafiki yake, anacheza Mario wa siku hizi, yule anayerusha kofia na kuzurura mjini. Nikamwonyesha kwenye simu video ya Mario wetu. Akaitazama kwa huruma, kama mtu anayeangalia picha ya harusi ya bibi yake, kisha akauliza: "Mjomba, mbona wa kwako harudi nyuma?"

Na kweli harudi. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985 skrini inasogea kuelekea kulia tu. Ulichokipita kimekwenda, na ukijaribu kukifuata unagonga ukingo wa kioo kama nzi dirishani. Nilicheza gemu ile utoto mzima bila kujiuliza kwa nini. Nilipoanza kumjibu mtoto nikagundua kwamba swali lake linafungua historia yote, maana tangu siku ile wabunifu wa Mario wamekuwa wakibishana na jambo hilohilo: mchezaji aende mbele tu, au aruhusiwe kugeuka?

Kuruka kwenyewe hakukuzaliwa kamili. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa Nintendo alitengeneza Donkey Kong, mashine ya kuchezea kwa sarafu. Yule mtu mdogo mwenye kofia, aliyekuja kuitwa Mario, alijulikana kama Jumpman. Akisharuka hawezi kujigeuza hewani, na akianguka kutoka juu kidogo tu, kwisha habari yake. Kuruka kulikuwa kukwepa: pipa linakuja, unaliachia lipite chini ya miguu. Mwaka 1983 ikaja Mario Bros., ambamo ukimkanyaga kobe kwa juu unakufa wewe. Unatakiwa kuigonga sakafu kutoka chini, kobe abinuke chali, ndipo upande ukammalizie kwa teke.

Halafu 13 Septemba 1985, mguu ukawa silaha. Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka waliruhusu kumkanyaga adui, na wakaufanya mruko wenyewe uwe kitu cha kuchezea hata pasipokuwa na adui. Ukigusa kitufe anaruka kidogo, ukikishikilia anakwenda juu. Ukianza kwa kukimbia anafika mbali zaidi na juu zaidi. Akiwa hewani ukivuta nyuma, anakunja njia. Na kuna siri ambayo jicho haliioni ila kidole kinaijua: ukiwa umeshikilia kitufe, anapopanda huwa mwepesi, akianza kushuka, ardhi inamvuta kwa nguvu zaidi. Binadamu haruki hivyo. Angeruka kama binadamu, mchezo ungeonekana unaelea kama puto na tusingeugusa mara ya pili.

Gemu nzima, muziki wa Koji Kondo ukiwemo, iliingia kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya "asubuhi njema" yenye maua, ile anayokutumia shangazi kila siku WhatsApp, ni nzito kuliko dunia nane za Mario. Ndiyo maana wingu na kichaka ni mchoro uleule mmoja, wingu limepakwa nyeupe na kichaka kijani. Nilipoambiwa nilikataa, nikaenda kutazama, nikanyamaza.

Sasa rudi kwenye ile skrini ya kwanza, maana hapo ndipo tulipofundishwa bila kuitwa darasani. Mario amesimama kushoto, anatazama kulia, na mbele yake kuna nafasi tupu. Huhitaji kuambiwa uende wapi. Unatembea, anakuja mdudu wa rangi ya udongo, kile kiuyoga chenye nyusi za hasira. Usipofanya kitu, kinakugusa unakufa, na hasara yako ni sekunde chache tu, kwa hiyo somo la kwanza ni la bei nafuu. Ukiruka, unaweza kumkanyaga kwa bahati, na hapo umejifunza mambo mawili kwa mruko mmoja.

Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza, linametameta. Ukiligonga linatoa sarafu. Jirani yake linatoa uyoga, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mtoto ambaye ameuawa na kiuyoga dakika iliyopita ataukimbia huu pia. Kwa hiyo uyoga unatoka ukielekea kulia, unadondoka chini, unagonga bomba la kijani, unageuka na kukurudia. Juu yako kuna matofali, ukijaribu kuruka unagonga kichwa unarudi chini. Ni kazi kuukwepa. Unakugusa, unafumba macho, unafumbua: umekuwa mkubwa. Tangu siku hiyo unaukimbilia.

Mbele mabomba yanapangana, la kwanza fupi, la pili refu kidogo, la tatu refu zaidi, kidole kinajipimia chenyewe muda wa kushikilia kitufe. Karibu na mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake ardhi imejaa: ukikosea kuvuka unaanguka kidogo tu, unapanda tena. Hatua chache mbele ngazi kama hizo tena, safari hii katikati pana shimo. Walikufanyisha mazoezi kabla ya mtihani, na hawakuandika neno hata moja. Ndiyo maana mtoto wa Magomeni na mtoto wa Osaka walifundishika sawasawa.

Na hapa ndipo jibu la kwanza la mpwa wangu lilipo. Somo la namna hii linawezekana kwa sababu mwalimu anajua umetoka wapi. Hurudi nyuma, kwa hiyo kila anayefika kwenye shimo amekwisha kupita kwenye ngazi zisizo na shimo. Ukimruhusu mwanafunzi kuzurura, mpango wako wa somo unavurugika.

Gemu ile iliuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani, bila kuhesabu za Kariakoo.

Waliofuata walianza kulegeza kamba. Mwaka 1986 Wajapani walipata muendelezo mgumu kama adhabu, wenye uyoga wa sumu na upepo wa kukusukuma shimoni, uliotengenezewa watu waliokwisha kuimaliza ya kwanza. Marekani hawakuletewa huo wakati ule. Mwaka 1988 wakapewa gemu nyingine kabisa, Doki Doki Panic ya 1987, iliyobadilishwa sura na kuitwa Super Mario Bros. 2, ambamo unang'oa mboga ardhini na kumtwanga nazo adui. Kama uliwahi kuiona ukashangaa mbona haifanani na ndugu zake, sababu ni hiyo: ni mtoto wa kuasili.

Mwaka huohuo wa 1988 Japani ikapata Super Mario Bros. 3, na humo Mario anageuka na skrini inageuka naye. Linaonekana jambo dogo. Lakini ukishaweza kurudi, una sababu ya kutazama juu, chini na nyuma ya mambo. Wakamwongezea jani linalompa mkia, akikimbia vya kutosha anapaa. Tena kwenye leveli ya kwanza kabisa wamekuachia kiwanja kirefu kitupu cha kukimbilia, na sarafu angani kukuonyesha kwamba huko juu kuna kitu. Leveli ikaacha kuwa barabara, ikaanza kuwa mtaa wenye vichochoro. Super Mario World ya 1990 ikaendeleza: inajisifia njia 96 za kutokea, baadhi zimefichwa, na inahifadhi ulipofikia.

Hilo la kuhifadhi wenzetu wengine hawalioni kuwa kubwa. Kaka yangu aliwahi kufika dunia ya nane ya ile ya kwanza, isiyohifadhi chochote. Ikaingia adhana ya Ijumaa. Akaacha mashine inawaka, akafunika televisheni kwa khanga ya mama ili asije mtu akazima, akatuapisha mmoja mmoja. Tulikaa kuilinda ile khanga kama askari wa benki. Umeme ulikatika hata khutba haijaisha. Aliporudi akatukuta tumekaa vilevile, tukiilinda giza.

Kisha 1996, Super Mario 64, na uhuru wa kugeuka ukawa kamili: mbele, nyuma, pembeni, popote. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Ukimtazama Mario kwa ubavu, unajua pasipo kufikiri atatua wapi. Ukimtazama kutoka nyuma kwenye uwanja wenye kina, hujui adui yuko hatua mbili mbele au nne. Mruko uleule uliokuwa rahisi kama kuvuka mtaro unakuwa kama kudandia daladala usiku.

Miyamoto na wenzake walitumia muda mwingi kwanza kumfanya Mario apendeze kukimbizwa tu, wakimjaribu kwa kumfukuza sungura, kabla ya kujenga leveli zenyewe. Sungura huyo mpaka leo yumo ndani ya gemu. Kisha wakatafuta dawa ya yale macho yasiyojua kina. Kivuli cha Mario kinadondoka wima chini yake hata mwanga utoke wapi, ili ujue uko juu ya nini. Kwa kuwa kumkanyaga adui kumekuwa kugumu, akapewa ngumi na teke. Kwa kuwa utaguswa mara nyingi bila kukusudia, kugusana mara moja hakukuui tena: una duara la uhai lenye vipande nane. Na mwanzo wa gemu ni bustani mbele ya kasri isiyo na adui hata mmoja. Ni ile nafasi tupu ya 1985, sasa imetanuliwa pande zote, ukimbie, uanguke, upande mti, hakuna anayekuhesabia.

Kamera nayo wakaikabidhi kwa mhusika, kobe aliyepanda wingu, ananing'iniza kamera kwenye fimbo kama ya kuvulia samaki. Mwanzoni unaonyeshwa kuwa ndiye anayekupiga picha, na kuna chumba cha vioo ambamo ukigeuka unamwona nyuma yako anaelea. Kwa watu ambao hawakuwahi kuongoza kamera maishani mwao, ilikuwa namna nzuri ya kusema kwamba sasa unaendesha watu wawili: mrukaji na mpiga picha.

Wengi hawakutaka kuendesha wawili. Dada yangu, ambaye utotoni alitupiga sote, alimnyang'anya mtoto ile Switch tukiwa palepale sebuleni, akaanza. Mario akazunguka palepale kama bajaji inayotafuta abiria, akakwama kwenye kona, kamera ikamwangalia ukuta. "Mimi nipe yule wa kwenda mbele tu," akasema, akairudisha.

Nintendo waliwafahamu watu kama dada. Mwaka 2006 walirudi kwenye ubavu na New Super Mario Bros. ya DS, mashine yao ya mkononi, ikauza zaidi ya nakala milioni 30. Kuanzia hapo familia ikawa na matawi mawili yanayokua kwa pamoja, na hapa ndipo watu wengi hupotea wanapouliza ipi inafuata ipi. Tawi moja ni la njia: unaanza hapa, bendera iko kule. Tawi la pili ni la uwanja: umewekwa mahali, tafuta mwenyewe. Ukijua gemu iko tawi gani, mwaka wake hausumbui tena.

Tawi la njia likaendelea na wachezaji wanne kwa mkupuo kwenye mashine ya Wii, 2009, mnasukumana shimoni mpaka undugu unatikisika. Ukifa mara nane kwenye leveli moja, linatokea tofali ambalo ukiligonga Luigi, ndugu yake Mario, anakuja kukuonyesha njia. Ilizua manung'uniko, watu wakasema ni kudekeza. Mimi naona ni kaka mkubwa tuliyekuwa naye Magomeni, ila huyu hakudai umpishe zamu mbili.

Tawi la uwanja lilikuwa limepita kwenye Super Mario Sunshine ya 2002, ambamo Mario anabeba pampu ya maji mgongoni. Pampu hiyo inamwezesha kuelea sekunde kadhaa, na nadhani hiyo ndiyo dawa yake ya kweli: muda wa kusahihisha kosa kabla ya kutua.

Jibu bora zaidi, kwa macho yangu, lilikuja 2007 na Super Mario Galaxy, iliyoongozwa na Yoshiaki Koizumi. Wakaufanya uwanja kuwa mpira. Mario anakimbia juu ya kisayari kidogo chenye mvuto wake mwenyewe, na ukienda mbele bila kukata tamaa unajikuta pale ulipoanzia. Lile swali la kurudi nyuma likafa kifo cha heshima, maana juu ya mpira kwenda mbele na kurudi ni safari moja. Hupotei, hufiki ukingoni, na kamera haina haja ya kuhangaika sana. Nilipoielewa hiyo nilitamani kaka angekuwa hai aione.

Mwaka 2011 Super Mario 3D Land ikajaribu kuyaunganisha matawi: uwanja una kina, lakini mwishoni kuna mlingoti wa bendera. Mwongozaji wake, Koichi Hayashida, amewahi kueleza kwamba wanapanga leveli kwa hatua nne, kwa mtindo wa Kijapani uitwao kishotenketsu, wenye asili kwenye mashairi ya Kichina ya mistari minne. Sisi tuliokua na tarbia hatuhitaji kutafsiriwa sana. Chukua vile vigae vinavyogeuka kila unaporuka, upande mmoja vyekundu, mwingine bluu. Mshororo wa kwanza unavikuta mahali ambapo ukikosea huumii. Wa pili, chini ni shimo. Wa tatu unageuza maana: kitu kinakulazimisha kuruka wakati hutaki. Wa nne ndio kituo, unaonyesha ulichojifunza, unadaka bendera. Leveli inayofuata, vina vingine. Ni zile ngazi mbili za 1985, zimefanywa kanuni.

Katikati hapo kulikuwa na Super Mario Run ya simu, 2016, ambayo ingetufaa sana sisi wa mwendokasi: kidole gumba kimoja, mkono wa pili umeshika bomba. Mario anakimbia mwenyewe, wewe unaruka tu; wadudu wadogo anawavuka bila kuambiwa. Mwendo wa mbele tu ulikuwa umerudi, mkali kuliko wa 1985. Lakini leveli za mwanzo zikiisha ulidaiwa karibu dola 10, na ilitaka intaneti muda wote. Kwa bando letu, hapana.

Mario wa mpwa wangu ni Super Mario Odyssey, 2017, tawi la uwanja limefikia ukubwani. Ukipata mwezi, ambao huku ndio unaotafutwa kama zilivyotafutwa nyota kwenye 64, hutolewi nje ya leveli kama zamani, unaendelea kuzurura. Ukirusha kofia juu ya kiumbe unakuwa kiumbe hicho, chura unaruka kama chura, kwa hiyo hata mruko unaazimika. Na uhai wa kuhesabu haumo. Ukifa unapoteza sarafu 10 na safari inaendelea. Karibu miaka sita baadaye, Oktoba 2023, Super Mario Bros. Wonder ya tawi la njia nayo ikaondoa saa iliyokuwa ikikufukuza. Badala yake kuna ua, ukiligusa mabomba yanaanza kutambaa kama jongoo na leveli yenyewe inasahau sheria zake. Kumbe hata njia ya kwenda mbele inaweza kukupa sababu ya kusimama na kushangaa.

Tulipofika hapo mtoto alikuwa amechoka na mhadhara. Akagundua kwamba kwenye ile Switch ya rafiki yake mna gemu za kale pia, akaifungua ile ya 1985. Sikumwambia kitu. Kiuyoga kikaja, akasimama kukitazama, akafa. Dada akacheka kicheko kilekile cha Magomeni. Mara ya pili akaruka. Uyoga ukamrudia kutoka kwenye bomba, akaruka juu kuukwepa, akagonga matofali, ukampata, akawa mkubwa. "Ahaa," akasema, kwa sauti ya chini, siyo kwetu.

Akafika kwenye ngazi mbili, za kwanza akavuka. Za pili akadondoka shimoni.

"Umekufa," dada akamwambia, mkono ameunyoosha. "Lete pedi."

Mtoto hakutoa. Akabana vitufe viwili vya nyuma kwa pamoja na kushikilia, na mbele ya macho yetu mkanda ukaanza kurudi: Mario akapanda kutoka shimoni, akatua juu ya ngazi, akatembea kinyumenyume mpaka mahali salama.

"Sijafa," akasema.